Taa ya Dari Ikizima, Nani Ataiwasha?

Taa ya dari ninayoitaka nyumbani kwangu ni ile ambayo ikizima usiku, kesho yake naiwasha mwenyewe kwa kitu kinachouzwa katika duka lolote la vifaa vya umeme. Hilo naliweka mbele ya urembo, mbele ya wembamba, hata mbele ya wati. Wengi wakisimama mbele ya rafu ya taa huuliza ipi itadumu zaidi, na jibu limeshachapwa kwenye boksi: saa 25,000, saa 30,000, saa 50,000. Mimi nauliza ikishakufa itakuwaje. Maana kufa itakufa.

Tumekuwa tukibadilisha taa za nyumba hii chumba baada ya chumba, na sasa tuna za aina zote mbili. Kuna zenye holda: unafungua kifuniko, unazungusha balbu ya LED, basi. Na kuna zisizo na balbu kabisa, hizi paneli bapa za duara au za mraba ambazo chipu za LED zimegandishwa kwenye bati ndani ya taa yenyewe. Hizi za pili ni nzuri, sikatai. Zinalala kwenye dari bila kuning'inia, mwanga wake umesambaa sawasawa, hazina kiini kikali katikati kinachochoma macho. Ukiingia chumba chenye dari fupi ukaiona paneli nyembamba imetulia pale juu, unaelewa mara moja kwa nini watu wanazipenda.

Lakini tuzitazame hizo saa kwanza. Saa 25,000, ukiwasha taa kwa muda wa saa 5 kila usiku, ni zaidi ya miaka 13. Mtu akipiga hesabu hiyo anaona holda ya nini tena? Sasa, namba ile kwa kawaida inazungumzia chipu. Chipu za LED haziungui ghafla kama uzi wa balbu za zamani. Hufifia polepole, kwa hiyo watengenezaji wamekubaliana kuhesabu mpaka mwanga uliobaki uwe asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Ndiyo maana ya L70 unayoiona kwenye maandishi madogo. Na hakuna aliyekaa miaka 13 akiitazama taa. Kipimo kinachotumika sana, kiitwacho LM-80, huziwasha chipu maabara kwa saa 6,000 au zaidi, yaani miezi minane hivi mfululizo, kisha watu wanakokotoa mbele. Kanuni ya ukokotoaji huo, TM-21, hairuhusu kudai zaidi ya mara sita ya muda uliopimwa. Ni kazi ya kitaalamu na ya uaminifu, siipingi hata kidogo. Ila kipimo hicho hakigusi drayva, na kwa taa nilizozifungua mimi, drayva ndiyo inayotangulia kufa.

Drayva ni kile kisanduku kinachochukua umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa mkondo tulivu ambao chipu zinauhitaji. Nitaeleza nilichokiona kwenye taa ya koridoni, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niwe na msimamo.

Taa ile ilianza kupepesa. Ukiiwasha inakaa dakika kadhaa, inazima, ikipoa inarudi. Nikakata umeme kwenye swichi kuu, si ile ya ukutani peke yake, kwa sababu waya wa moto unaweza kubaki hai juu ya dari hata taa ikiwa imezimwa. Nikaishusha na kuifungua mezani. Skrubu chache, kifuniko cheupe cha plastiki, chini yake bati la alumini lenye chipu za manjano zilizopangwa kwa duara. Umanjano ule ni fosfa. Chipu yenyewe hutoa mwanga wa buluu, fosfa inageuza sehemu yake kuwa njano, na viwili hivyo vikichanganyika macho yetu yanaona nyeupe. Mwanga huo wa buluu ulisumbua watafiti miaka mingi kabla haujapatikana. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo.

Nikazikagua chipu moja moja kwa tochi ya simu. Chipu iliyokufa mara nyingi huwa na doa jeusi dogo sana katikati ya umanjano, na kwa kuwa chipu nyingi huungwa kwa mfuatano, mkondo uleule unapita zote. Moja ikikatika safu nzima inazima. Zangu hazikuwa na doa. Zote zilikuwa safi. Nikafungua kisanduku cha drayva. Humo palikuwa na kapasita ya elektroliti, kile kitungi cheusi kinachosimama wima, na kichwa chake ambacho hutakiwa kuwa bapa kilikuwa kimetuna. Pembeni pake ute wa kahawia ulikuwa umekaukia kwenye bodi.

Kapasita za aina hiyo zina majimaji ndani, na adui yao ni joto. Mafundi wa elektroniki wana kanuni yao ya kukadiria: joto likipanda kwa nyuzi 10 za selsiasi, umri wa kapasita unapungua kwa nusu. Sasa fikiria drayva iliyobanwa ndani ya taa nyembamba, nyuma ya bati linalopokea joto la chipu, juu kwenye dari ambako hewa ya moto ya chumba yote hukusanyika. Taa nzima ilikuwa nzima: alumini, plastiki, chipu, skrubu. Kilichoizima ni kifaa kidogo kuliko kidole gumba.

Hata hivyo taa ile haikutupwa. Drayva yake ilikuwa kisanduku cha peke yake, kimeunganishwa na bati kwa plagi ndogo ya kuchomoa, na juu yake pameandikwa wazi: volti 36 hadi 60, miliampia 300. Hizo ndizo namba za kutafuta. Miliampia lazima zilingane, na volti za chipu zako ziangukie ndani ya kiwango kilichoandikwa. Nikapata nyingine yenye namba zilezile, ikaingia, na taa inawaka hadi leo.

Mdogo wangu alipoona hivyo akaniletea ya kwake. "Dada, na hii?"

Nikaigeuza huku na huku. Haikuwa na skrubu. Kifuniko kilikuwa kimegandishwa kwa gundi mzunguko mzima, na tulipokipasua hapakuwa na kisanduku chochote; drayva na chipu zote zilikuwa zimechomelewa kwenye bati moja. Taa za namna hii ni rahisi kutengeneza na ndiyo zimejaa. Wapo wanaozifufua kwa kuruka chipu iliyokufa na kuunganisha pande zake mbili kwa risasi ya kuchomelea. Mimi sipendekezi kwa mtu asiyeujua umeme, kwa sababu kwenye bodi nyingi za aina hiyo chipu zenyewe hazijatenganishwa na umeme wa ukutani. Ukigusa viungo vyake wakati taa inawaka, umegusa umeme wa ukutani. Nikamwambia mdogo wangu hiyo ni ya kutupa, na iliniuma kusema. Alumini nzuri, waya wa shaba, plastiki ambayo haijaanza hata kugeuka rangi, vyote vinakwenda jalalani kwa sababu mtu fulani aliamua kutumia gundi mahali pa skrubu.

Umoja wa Ulaya umelitungia jambo hili sheria, kanuni namba 2019/2020 iliyoanza kutumika Septemba 2021: mtengenezaji anatakiwa kuhakikisha chanzo cha mwanga na drayva ya peke yake vinaweza kutolewa kwa vifaa vya kawaida bila kuharibu taa, na kama haiwezekani aeleze sababu za kiufundi. Nimefurahi kuiona. Kutokana na sheria hiyo utakuta kwenye maboksi mengine imeandikwa kama chanzo cha mwanga kinabadilishwa na mtumiaji mwenyewe, na fundi pekee, au hakibadilishwi kabisa. Boksi likisema hivyo, lisome. Lisiposema, igeuze taa utafute skrubu.

Sasa nizitendee haki paneli, maana balbu nayo si malaika. Balbu ya LED ina drayva vilevile, imebanwa kwenye shingo yake, mahali finyu kuliko paneli yoyote. LED haitupi joto lake mbele pamoja na mwanga kama zilivyofanya balbu za uzi. Joto linatoka nyuma, kupitia mwili wa balbu, na linahitaji hewa ya kulichukua. Ukiifungia ndani ya globu ya kioo isiyopumua, drayva inapikika. Balbu nyingi zimeandikwa kabisa kwamba hazifai kwa taa zilizofunikwa, na watu wanazifunika, kisha wanalalamika kwamba LED siku hizi hazidumu. Kama globu yako imefungwa pande zote, tafuta balbu inayosema inaruhusiwa humo, au chagua yenye wati ndogo, au badilisha globu upate yenye uwazi chini.

Paneli iliyotengenezwa vizuri, yenye bati pana la alumini, chipu zisizolazimishwa mkondo mkubwa na drayva iliyokaa mbali na joto, itadumu kuliko balbu. Kiufundi ni kifaa bora, nakubali bila kusita. Shida ni kwamba ubora huo huuoni. Umefichwa nyuma ya plastiki nyeupe inayofanana na plastiki nyeupe ya taa mbovu. Kwa holda sihitaji kubahatisha. Balbu ikiwa mbovu, nimepoteza balbu.

Na holda yenyewe ni makubaliano ya zamani ajabu. Ile tunayoiita E27 ni skrubu ya Edison yenye kipenyo cha milimita 27, na Thomas Edison alipata hataza ya muundo wa skrubu mwaka 1881. Nyingine ni B22, ya pini mbili, ya kusukuma na kuzungusha. Ndani ya umbo hilohilo dunia imepitisha balbu za uzi, za halojeni, zile za mirija iliyojikunja, na sasa LED. Teknolojia imebadilika mara kadhaa, holda imebaki. Paneli haina makubaliano ya namna hiyo nyumbani kwetu. Tangu 2010 upo muungano wa watengenezaji uitwao Zhaga unaoweka vipimo vya pamoja ili bati la LED la kampuni moja liingie kwenye taa ya nyingine, lakini kwenye taa za kawaida za nyumbani sijawahi kukutana na matunda yake. Kila paneli ina umbo lake na matundu yake ya skrubu.

Kilichonivuta zaidi upande wa holda, hata hivyo, si kuharibika. Ni mama.

Mama anakaa nasi, na macho yake yamepungua nguvu. Mtu akizeeka mboni hazifunguki kama zamani na lenzi ya jicho inapata umanjano, kwa hiyo mwanga uliomtosha miaka kumi nyuma haumtoshi tena. Chumbani kwake palikuwa na balbu ya lumeni 806 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), ambayo ni sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Akawa anausogeza mkeka wake karibu na dirisha kusoma. Nikapanda ngazi, nikatoa ile, nikaweka ya lumeni 1521, sawa na ya wati 100 ya zamani, na taa haikuguswa hata skrubu moja. Baada ya muda akasema mwanga ni mweupe mno, unamnyima usingizi. Nikabadilisha tena: lumeni zilezile, ila kelvini 2700 badala ya 4000. Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikishuka, mwanga unaelekea umanjano. Akaridhika. Ingekuwa paneli, kila badiliko hilo lingekuwa taa mpya, dari kutobolewa upya, na alama za taa ya zamani kupakwa rangi.

Binadamu anabadilika ndani ya nyumba ileile. Chumba cha mtoto kinakuwa chumba cha kusomea, chumba cha wageni kinakuwa cha mgonjwa. Mwanga nao unapaswa kufuata, na kwa holda unafuata kwa dakika mbili.

Zipo paneli zenye kitufe nyuma cha kuchagua rangi ya mwanga, na hizo ni nzuri; unachagua mara moja wakati wa kufunga. Zile za kubadilisha rangi kwa kuzima na kuwasha swichi ya ukutani haraka siziwezi. Mtu akigusa swichi mara mbili kwa bahati mbaya, chumba kinageuka kuwa cha buluu, na usiku mzima ni kuhangaika kuirudisha.

Mahali ambapo nimeweka taa isiyo na balbu na sijutii ni bafuni. Huko nataka kitu kilichozibwa, mvuke usiingie wala wadudu. Alama ya kutafuta ni IP: IP44 inavumilia maji ya kurukaruka, IP65 inavumilia hata kumwagiwa kwa mpira. Kupata taa ya holda iliyozibwa hivyo inawezekana, lakini ndani yake tunarudi kwenye shida ileile ya balbu kupikika. Kwa hiyo bafuni ni paneli, yenye skrubu na drayva ya kuchomoa. Koridoni pia nimeibakisha, kwa sababu dari ni fupi na mtu mrefu angeigonga globu kwa kichwa.

Zile taa ndogo za kuzamishwa kwenye dari ya jipsamu ndizo ninazomwonya kila mtu. Kila moja inakaa kwenye tundu lililokatwa kwa kipimo chake. Baada ya miaka michache moja inakufa, unakwenda dukani, modeli haipo tena, na mpya inataka tundu kubwa kidogo au dogo kidogo. Dogo zaidi ndiyo balaa, maana tundu halipunguzwi. Na hata ukipata ya kipimo kilekile, weupe wake hautafanana na wenzake. Mbili zote zimeandikwa kelvini 4000, moja ina ukijani, nyingine ina uwaridi. Ukiamua kuzitumia bila balbu, nunua za akiba siku hiyohiyo kutoka boksi lilelile. Mimi sebuleni niliweka fremu tupu za kuzamishwa na ndani yake balbu za GU10, zile za pini mbili zenye nafasi ya milimita 10 kati yake. Fremu itabaki, balbu zitapita.

Na kwa anayependa wembamba lakini hataki kufungwa na mtengenezaji mmoja, ipo GX53. Ni balbu bapa kama kisosi, inapachikwa kwa kuzungusha kidogo, na taa yake inakuwa nyembamba karibu sawa na paneli. Haijulikani inavyostahili. Jikoni ninayo, na nikiulizwa taa gani ningependa ienee, ni hiyo.

Kuhusu kupepesa kusikoonekana: fungua kamera ya simu, ielekeze kwenye taa dukani, ukiona michirizi myeusi inapita kwenye skrini, mwanga unawaka na kufifia mara nyingi kwa sekunde. Kipimo hiki si cha maabara, lakini taa yenye michirizi mipana siichukui, ya balbu wala ya paneli. Kama una swichi ya kupunguzia mwanga ukutani, hakikisha taa imeandikwa kwamba inakubali kupunguzwa. Nyingi hazikubali, na zitanguruma au kupepesa mpaka zife. Hapa pia holda inakupa nafasi ya kujaribu balbu nyingine bila kuvunja kitu.

Siku ya kufunga paneli yoyote, kabla haijapanda juu, piga picha kibandiko cha drayva, ukiandike pia kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa ndani wa kifuniko: volti, miliampia, kipimo cha tundu. Kibandiko hufifia kwa joto, na siku taa itakapozima picha ya simu huenda ilishapotea zamani.

Imebaki taa ya juu ya ngazi za nyumba, pale dari ilipo mbali kabisa. Fundi anataka tuweke paneli.

"Dada, kule juu weka kitu cha miaka kumi na tano, usisumbuke tena."

"Na drayva ikifa mwaka wa nne, fundi, nani atapanda?"

Akacheka, akakuna kichwa. Kwa mahali pagumu kufikika watu wengi wanawaza kama yeye, na mimi naona kinyume chake: palipo pagumu ndipo panapotaka balbu, kwa sababu upo mti mrefu wa kubadilishia balbu, wenye kikombe cha kunyonya au makucha ya mpira kwenye ncha, na unautumia ukiwa umesimama chini. Paneli iliyokufa kule juu inataka jukwaa, fundi na msaidizi. Tumekubaliana iwe holda ya E27 inayotazama chini, globu iliyo wazi upande wa chini ili mti uingie na hewa ipite, na balbu ya lumeni 1521. Waya ameshauvuta.